Mafunzo ya AfNOG

Mafunzo ya AfNOG ni mafunzo ya juu ya kuendesha seva na huduma za mtandao kwa kutumia programu huria. Yalianza Cape Town, Afrika Kusini, mwaka 2000. Walengwa wake ni mafundi ambao tayari wako kazini katika kampuni za intaneti, vyuo vikuu na idara za serikali barani Afrika. AfNOG ni kifupi cha African Network Operators' Group, yaani kundi la waendeshaji wa mitandao wa Afrika. Mmoja wa waanzilishi wake ni Nii Quaynor, mtaalamu wa kompyuta kutoka Ghana.

Historia

Kabla ya AfNOG, mafundi wa Kiafrika walisafiri kwenda kwenye warsha za Internet Society, zilizoanza mwaka 1993 huko California, Marekani. Waliopata nafasi walikuwa wachache. AfNOG ilileta masomo ya aina hiyo barani, ikisaidiwa na NSRC, kituo kilichopo Chuo Kikuu cha Oregon.

Haja ilikuwa kubwa. Wakati huo nchi nyingi za Afrika zilitegemea setilaiti. Barua pepe kutoka ofisi moja ya Nairobi kwenda ofisi ya jirani, kama zilitumia kampuni tofauti za intaneti, ilipita Ulaya au Marekani kabla ya kurudi. Kenya ilifungua kituo cha kubadilishana data kiitwacho KIXP mnamo Novemba 2000. Kikafungwa muda mfupi baadaye kwa amri ya mamlaka ya mawasiliano, kufuatia malalamiko ya Telkom Kenya, kikafunguliwa tena Februari 2002. Lakini kituo kama hicho hakifai sana ikiwa seva za barua na tovuti za nchi bado zimekaa ng'ambo. Lazima awepo mtu wa kuziendesha nyumbani.

Katika Afrika ya Mashariki mafunzo yamefanyika Kampala mwaka 2003, Nairobi mwaka 2006, Kigali mwaka 2010 na Dar es Salaam mwaka 2011, miongoni mwa miji mingine. Kuanzia mwaka 2013 mikutano ya AfNOG ilifanyika kama sehemu ya Africa Internet Summit.

Masomo

Madarasa yamegawanywa kulingana na kazi ya mwanafunzi. Lipo la misingi ya mfumo wa Unix, lipo la kuelekeza data kati ya mitandao, na lipo la huduma zinazoweza kukua pamoja na idadi ya watumiaji. Baadhi hufundishwa kwa Kiingereza na baadhi kwa Kifaransa.

Darasa la huduma lilitumia kwa miaka mingi mfumo wa FreeBSD, pamoja na programu kama BIND kwa majina ya vikoa, Exim na Dovecot kwa barua pepe, na Apache kwa tovuti. Kila mwanafunzi hupewa mashine yake na mamlaka kamili juu yake, hata ya kuiharibu.

Somo la majina ya vikoa linaonyesha vizuri namna ya kufundisha. Mwanafunzi huunda kikoa chake, kisha humwomba mwenzake aweke nakala ya kikoa hicho kwenye seva yake. Akikosea kuongeza namba ya toleo baada ya kubadilisha faili, seva ya mwenzake huendelea kutoa majibu ya zamani. Kosa hili dogo ni la kawaida sana kazini, na ni vigumu kulitambua kwa sababu seva ya kwanza inaonekana nzima.

Upande wa barua pepe, jambo linalosisitizwa ni kuzuia seva isikubali kupitisha barua za mtu yeyote kwenda popote. Seva iliyoachwa wazi hugunduliwa haraka na watuma taka, anwani yake ikaingizwa kwenye orodha za kuzuiwa, na barua halali za wateja wote wa kampuni zikakataliwa duniani kote. Kwa kampuni ndogo hiyo ni hasara ya siku nyingi.

Programu huria zilichaguliwa si kwa kuwa hazina ada ya leseni tu, ingawa hilo lilikuwa na uzito. Mipangilio yake ni faili za maandishi ambazo fundi anaweza kuzisoma, na kumbukumbu za seva humweleza kilichotokea. Anaporudi kwake anaweza kuweka programu zilezile kwenye kompyuta ya kawaida.

Walimu

Wakufunzi hujitolea, na baadhi yao waliwahi kuwa wanafunzi wa mafunzo hayohayo. Mwaka 2004 ulianzishwa mtandao wa AfChix, unaohimiza wanawake kuingia katika fani hii. Mmoja wa waanzilishi wake ni Dorcas Muthoni wa Kenya.