Kansa ya matiti katika ukoo: hesabu ya wasichana iliyowadanganya wataalamu

GOMA – Katika familia nyingi za hapa kwetu, mama akizaa wasichana watupu, lawama humwangukia yeye. Kansa ya matiti ikimpata, kisha ikampata na binti yake, maneno huzidi: ni damu ya upande wa mama, au ni mkono wa mtu. Lakini hata wataalamu waliwahi kudanganywa na hesabu ya wasichana.

Mwaka 1866 daktari Mfaransa Paul Broca aliandika habari za ukoo wa mke wake, ambamo kansa ya matiti iliua wanawake katika vizazi 4. Sababu ilibaki fumbo kwa zaidi ya miaka 100. Mwaka 1990 Mary-Claire King wa Marekani alionyesha kwamba jeni inayohusika iko kwenye kromosomu ya 17. Ikaitwa BRCA1. Baadaye ikajulikana ya pili, BRCA2. Baba au mama mwenye jeni iliyoharibika anaweza kumrithisha mtoto yeyote, mvulana au msichana, nusu kwa nusu.

Mwaka 2003 watafiti wa Uhispania walitangaza jambo la kushangaza. Duniani huzaliwa wavulana wapatao 105 kwa kila wasichana 100, lakini katika familia zenye BRCA1 iliyoharibika, wasichana walikuwa wengi zaidi. Wakadhani jeni hiyo inagusa kazi ya kromosomu X.

Wengine wakachunguza tena, na kasoro ikaonekana katika namna familia zilivyochaguliwa: zilipatikana kupitia wanawake wagonjwa. Chukua ndugu wawili wanaume wenye jeni hiyo. Mmoja ana mabinti watano, mwingine ana wavulana watano. Kwa wa kwanza kansa huonekana mapema, na familia yake huandikwa hospitalini. Kwa wa pili jeni inaweza kupita kimya hadi kwa wajukuu. Kwa hiyo, familia zenye wasichana wengi ndizo zilizojaa katika daftari. Jeni haikuwaongeza.

Jambo hili si la Wazungu peke yao. Utafiti uliotolewa 2020 kuhusu wagonjwa wa kansa ya matiti wa Uganda, jirani zetu, na wa Kameruni ulikuta jeni hizi zimeharibika kwa takriban mgonjwa 1 kati ya 10. Wengi wanaougua hawakurithi.

Kuhusu kuzaa wasichana, ni mbegu ya baba, yenye X au Y, inayoamua. Na daktari akiuliza nani katika ukoo aliugua kansa, jibu lisiishie kwa mama na dada zake. Shangazi na bibi mzaa baba wahesabiwe pia. Binti anayeambiwa upande wa mama yake ni salama anaweza kuchelewa kupimwa, kumbe hatari ilitoka kwa baba.