Pishi Mbili: Sura ya Taifa na Hukumu ya Haki za Binadamu, Uingereza na Kenya, 1873–2013

Utangulizi

Waswahili husema kwamba nyani haoni kundule, huliona la mwenziwe. Methali hii imezoeleka mno hata hutajwa kwa mzaha, lakini ina swali zito la kihistoria ndani yake. Nyani wa methali ana udhuru wa maumbile: shingo yake haigeuki. Taifa halina udhuru huo. Lina mabunge, mahakama, magazeti na nyaraka, yaani vioo vya kutosha. Likishindwa kujiona, yapasa iulizwe ni kazi gani iliyofanywa ili lisijione.

Makala haya yanakusudia kulichunguza swali hilo kwa kuitazama Uingereza kama ilivyohukumu mataifa mengine na kama ilivyotawala Kenya. Aidha yanakusudia kuonyesha kwamba pishi mbili za mtawala, moja ya kupimia wengine na moja ya kujipimia, hazikuondoka naye mwaka 1963.

Mkombozi wa watumwa

Msingi wa sura ya Waingereza machoni pao wenyewe, hususan katika Afrika ya Mashariki, ni vita dhidi ya utumwa. Mwezi Juni 1873 Sultani Barghash bin Said wa Unguja, akitishiwa kuzingirwa na manowari, alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini na kufunga soko lao. Tendo hilo lilikuwa jema, na hapana sababu ya kulikana. Lakini namna lilivyosimuliwa liliacha mambo mawili nje. La kwanza, meli za Waingereza ndizo zilizokuwa zimewavusha Waafrika zaidi ya milioni tatu katika Bahari ya Atlantiki kabla ya marufuku ya mwaka 1807. Na utumwa ulipofutwa katika makoloni yao kwa sheria ya mwaka 1833, paundi milioni 20 za fidia walilipwa mabwana, watumwa wasipewe kitu. La pili, Uingereza ilipochukua himaya ya Unguja mwaka 1890, utumwa uliendelea kuwa halali hadi 1897. Na katika pwani ya Kenya, iliyoingia chini ya himaya mwaka 1895, uliendelea hadi 1907. Maofisa walichelea kuyumba kwa kilimo cha karafuu na mashamba ya pwani. Jambo lililokuwa dhambi isiyovumilika chini ya Sultani likawa, chini ya Konsuli, suala la kwenda polepole.

Wenyeji wa pwani nao hawakukosa pishi zao. Neno ustaarabu, ambalo kwa asili lina maana ya kuingia katika desturi za Waarabu, linaonyesha jinsi kila hakimu anavyouita uungwana kwa jina lake mwenyewe. Mkabala wake ni ushenzi, na kwa neno mshenzi mtu wa bara aliweza kununuliwa na kuuzwa bila dhamiri ya muungwana kushtuka. Mwingereza alipofika na neno lake la ustaarabu, alikuta mizani ya namna hiyo imekwisha kutundikwa.

Mkataba wa Ulaya na kambi za Kenya

Baada ya Vita Kuu ya Pili sura ya mkombozi ilivaa vazi la sheria. Mwaka 1949 wajumbe wa Uingereza katika Umoja wa Mataifa walizianika hadharani sheria za Urusi ya Kisovieti kuhusu kambi za kazi, wakazishutumu kuwa ni utumwa mpya. Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu ulitiwa sahihi mjini Roma mwezi Novemba 1950. Mwanasheria Mwingereza David Maxwell Fyfe alikuwa miongoni mwa waasisi wake, na mwezi Machi 1951 Uingereza ikawa nchi ya kwanza kuuidhinisha. Mwezi Oktoba 1953 ilitangaza kwamba mkataba huo utatumika pia katika makoloni yake mengi, Kenya ikiwamo.

Wakati huo Kenya ilikuwa na mwaka mzima chini ya amri ya Gavana Evelyn Baring ya tarehe 20 Oktoba 1952, ambayo kwa Kiswahili iliitwa Hali ya Hatari. Tafsiri hii yafaa kuangaliwa kwa makini. Haisemi ni nani aliye hatarini wala ni nani mwenye kuhatarisha. Ni hatari isiyo na mtenda wala mtendwa. Raia Wazungu waliouawa katika kipindi chote cha vita walikuwa 32. Waafrika walionyongwa kwa hukumu ya mahakama walizidi elfu moja. Makumi ya maelfu walifungwa kambini bila kushtakiwa, na zaidi ya watu milioni moja walihamishwa kwa nguvu kutoka makwao na kutiwa katika vijiji vilivyozungushiwa ua na mitaro.

Mwezi Mei 1954 Uingereza ililiarifu Baraza la Ulaya kwamba, kutokana na dharura, haitaweza kutimiza baadhi ya masharti ya mkataba nchini Kenya. Kifungu cha 15 kiliruhusu hilo. Hata hivyo kifungu hicho hicho kinakataza katakata kwamba marufuku ya mateso yasimamishwe kwa dharura yoyote. Kwa hiyo lililotendeka kambini lilikuwa haramu hata kwa pishi ya Mwingereza mwenyewe, naye alilijua hilo. Mwaka 1957 Mwanasheria Mkuu wa koloni, Eric Griffith-Jones, alimwandikia Gavana kwamba ikiwa ni lazima watende dhambi, basi watende kimyakimya. Mtu asiyeijua sheria hana haja ya kunong'ona.

Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola ukingoni mwa Mto Tana, wafungwa waliokataa kufanya kazi katika mashamba ya umwagiliaji walipigwa marungu na askari, na 11 wakafa. Taarifa ya kwanza ya serikali ilidai kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Miaka kumi tu baada ya kuishutumu Urusi kwa kazi za kulazimishwa, utawala wa Uingereza uliwaua watu kwa sababu walikataa kazi ya kulazimishwa.

Yafaa ikumbukwe kwamba walikuwapo Waingereza waliokataa kunyamaza. Arthur Young, mkuu wa polisi ya Kenya, alijiuzulu mwishoni mwa 1954. Mbunge Barbara Castle aliwafuatilia mawaziri mwaka baada ya mwaka. Usiku wa mjadala wa Hola, mwezi Julai 1959, Enoch Powell alisimama upande wa serikali na kudai kwamba haiwezekani kuwa na kipimo kimoja Uingereza na kingine Afrika. Huyu ndiye Powell ambaye mwaka 1968 aliwageukia wahamiaji weusi wa nchini mwake kwa hotuba iliyowatia hofu. Mtu mmoja naye aweza kuwa na pishi mbili.

Pishi yarithiwa

Katiba ya uhuru ya mwaka 1963 ilikuwa na sura ya haki za kimsingi, iliyotokana na Mkataba wa Ulaya. Ilichukua haki pamoja na milango yake ya nyuma. Kwa sheria ya usalama wa umma, iliyopanuliwa mwaka 1966, serikali iliweza kumweka mtu kizuizini bila mashtaka, kama alivyofanya Baring. Oginga Odinga aliwekwa kizuizini mwaka 1969, na Ngũgĩ wa Thiong'o tangu mwisho wa 1977 hadi Desemba 1978. Katika miaka hiyo hiyo wajumbe wa Kenya walisimama, kwa haki kabisa, kuilaani Afrika Kusini kwa kufunga watu bila kesi. Jumuiya ya Mau Mau, iliyotajwa katika hotuba za sikukuu, ilibaki imepigwa marufuku kisheria hadi mwaka 2003.

Mwaka 2013 uliyakutanisha mambo haya ana kwa ana. Mwezi Mei Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilimkabidhi Rais ripoti yake, iliyogusa pia mauaji ya Wagalla ya mwezi Februari 1984. Tarehe 6 Juni Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, William Hague, alieleza bungeni masikitiko ya serikali yake juu ya mateso ya enzi ya Mau Mau na kutangaza malipo ya paundi milioni 19.9 kwa wadai 5,228. Hakukiri dhima. Tangazo la London lilishangiliwa Nairobi. Ripoti ya Nairobi ilipelekwa kabatini, na ingawa Rais aliomba radhi bungeni mwezi Machi 2015, wajane wa Wagalla waliendelea kusubiri.

Tamati

Yawezekana kuhitimisha kwamba kwa kuwa kila hakimu ana doa, basi hukumu zote ni bure. Hitimisho hilo ni la kukataliwa. Muuzaji akipatikana na pishi mbili, wanunuzi hawatupi vipimo. Hudai pishi moja. Wafungwa waliotorosha barua kutoka kambini kuwapelekea wabunge wa London walilifahamu hilo vyema: walidai kwa maneno ya sheria ya mtawala, wakijua kwamba mtawala mwenyewe hayatimizi.

Katika Kiarabu haki na hukumu zina mizizi miwili mbalimbali. Katika Kiswahili maneno hayo yamezoea kutembea pamoja, hata sikio la msemaji hutarajia moja lilifuate jingine. Taifa linalotaka kuhukumu halina budi kuyaacha yaandamane nyumbani kwake kwanza.