Betri Haiachwi na Njaa

Baba yangu akija Nairobi kunitembelea, halali kabla ya kuhakikisha jambo moja: kwamba gari limechomekwa kwenye stima. Saa nne usiku utamsikia akiburuta malapa kwenda nje. Nikichomoa waya kabla betri haijajaa, ananigombeza. "We mama, betri haiachwi na njaa. Hili gari umelikopea sacco. Utaliua kabla hujamaliza kulipa."

Hasemi ovyo. Miaka ya tisini, kule Kinangop, runinga yetu ya Greatwall, ile ndogo ya picha nyeusi na nyeupe, ilitumia betri ya gari. Kila baada ya siku chache Baba aliifunga kwenye keria ya baiskeli na kuipeleka sokoni ikachajiwe, maana usiku wa Vitimbi nyumba ilijaa majirani. Jirani mmoja aliiacha yake ikakaa tupu mwezi mzima. Haikuamka tena. Tangu hapo sheria ya Baba ni moja: jaza, na ujaze mapema.

Sheria hiyo ina umri mkubwa kuliko Baba. Mwaka 1859 Mfaransa Gaston Planté alitengeneza betri ya kwanza iliyoweza kuchajiwa tena, ya mabamba ya risasi ndani ya asidi. Mwaka 1881 Mfaransa mwenzake, Camille Faure, aliyapaka mabamba rojo ya oksidi ya risasi, na betri ikabeba umeme mwingi zaidi. Lakini ikikaa bila chaji, mabamba yake hufunikwa na chembe za salfeti ambazo zikishakomaa ni vigumu kuziondoa. Betri ya risasi hupenda kushiba.

Ndiyo iliyoendesha magari ya kwanza ya umeme. Mwaka 1897 teksi za umeme zilianza kazi New York. Dereva hakungoja chaji: gari liliingia kituoni, betri nzito ikatolewa kwa mitambo, nyingine iliyojaa ikawekwa. Waendesha boda boda za umeme wa Nairobi wanaobadilisha betri leo wanarudia wazo lenye zaidi ya karne moja. Kampuni ya teksi zile ilifilisika mwaka 1907. Sababu zilikuwa nyingi, na mojawapo ilikuwa betri zilizotunzwa vibaya.

Wakati huo betri nyingine ilikuwa imeshazaliwa. Mwaka 1899 Mswidi Waldemar Jungner alivumbua betri ya nikeli na kadimiamu, na hii ikaja na adabu tofauti kabisa. Watu waliambiwa waimalize kwanza ndipo wachaji, la sivyo "itazoea" kiasi kidogo. Sisi tulioshika simu za mwanzo tuliirithi amri hiyo: simu mpya ichajiwe kwa saa nane, kisha itumike mpaka izime. Simu nyingi zilikuwa tayari zimehamia lithiamu. Amri yenyewe haikuhama.

Betri ya ioni za lithiamu iliuzwa kwanza na Sony mwaka 1991. Mwaka 2019 John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kazi iliyoizaa. Hii haipendi njaa wala shibe. Ndani yake, juu ya grafiti, hujengeka utando mwembamba unaokula lithiamu kidogo kidogo. Betri ikikaa imejaa pomoni, tena kwenye joto, utando hukua haraka. Ikishushwa mpaka chini kabisa na kupandishwa mpaka juu kila mara, vifaa vya ndani hutanuka na kunywea mpaka vinapasuka. Kwa hiyo inayodumu ni ile inayochajiwa kidogo kidogo, ikabaki katikati. Haba na haba, bila kujaza kibaba.

Wahandisi walijua haya. Nissan Leaf ilipoingia sokoni Desemba 2010, ilikuwa na mpangilio wa kusimamisha chaji kwenye asilimia 80 ili betri iishi zaidi. Halafu ikaja hesabu. EPA, shirika la mazingira la Marekani, lilipopima Leaf ya 2013 lilichukua wastani wa umbali wa chaji ya 80 na ile ya 100, likaandika maili 75. Kwa gari la 2014 Nissan iliondoa mpangilio huo kule Marekani, na karatasi ikasoma maili 84. Gari halikuwa limepata nguvu mpya. Namba ilipendeza zaidi, na mwenye gari akapoteza njia rahisi ya kuitunza betri yake. Haya yalitokea baada ya wenye Leaf wa Arizona, kwenye joto kali, kulalamika mwaka 2012 kwamba betri zao zinachoka haraka. Leaf haikuwa na mfumo wa kupoza betri kwa maji.

Hili linatuhusu. Kenya inapokea magari ya mitumba yasiyozidi miaka minane, na Leaf kutoka Japani ni miongoni mwao. Ukilinunua, umenunua pia tabia za mtu usiyemjua: alilijaza kila usiku? Aliliacha juani likiwa limejaa? Kabla hujatoa pesa, mwambie fundi apime afya ya betri.

Na usikariri sheria yangu kama Baba alivyokariri yake. Betri za lithiamu zenye chuma na fosfeti zina adabu nyingine: watengenezaji wengi hushauri uzijaze kabisa mara moja kwa wiki ili kompyuta ya gari isipoteze hesabu. Soma kitabu cha gari lako.

Nilimweleza Baba haya yote. Alinyamaza, kisha akauliza, "Na ukija Kinangop?"

"Nikija Kinangop, naijaza asubuhi ya safari, halafu naondoka."

"Kumbe shida si kujaa. Ni kukaa imejaa."

"Ndiyo, Baba."

Bado hutoka nje usiku na malapa yake. Siku hizi anachungulia kioo, anasoma namba, na ikifika themanini anachomoa waya mwenyewe.