Sekunde 3 na Nusu: Ajali Iliyotangulia Siku ya Kihistoria

Mtu wangu, historia ya ndege huwa inaanzia 17 Desemba 1903, siku ambayo ndugu wawili wa Marekani, Wilbur na Orville Wright, waliruka na ndege yenye injini. Sasa rudi nyuma siku 3 tu. Hiyo stori wengi hawaijui.

Jamaa walikuwa mafundi baiskeli wa Dayton, Ohio, na hakuna hata mmoja aliyepata cheti cha sekondari. Ndege waliiunda wenyewe kwa mbao na kitambaa, injini ikatengenezwa na fundi wao. Tarehe 14 Desemba, kwenye mchanga wa Kill Devil Hills, North Carolina, wakarusha sarafu kuamua nani aanze. Wilbur akashinda.

Ndege ikateleza kwenye reli ya mbao, ikapaa, Wilbur akainua pua haraka mno. Kasi ikakata, mabawa yakaishiwa nguvu ya kubeba, ikashuka mchangani na kuvunjika sehemu ya mbele. Sekunde 3 na nusu tu! Bahati nzuri ilikuwa chini chini, akatoka mzima. Wakaitengeneza, na tarehe 17 Orville akakaa hewani sekunde 12.

Kumbe tatizo lile lile ndo linaua watu mpaka leo. Marekani raia anaruhusiwa kujiundia ndege nyumbani, ila mwaka 2012 NTSB, bodi yao ya kuchunguza ajali, ilisema hizi zinaanguka zaidi kuliko ndege ndogo za kiwandani. Sababu kubwa ni injini kufeli na rubani kushindwa kuimudu ndege, na ajali nyingi zinatokea ndege ikiwa bado mpya.

Yaani fikiria, umejenga ndege kwa miaka. Unapaa, mita 100 juu injini inazima. Uwanja uko nyuma yako, moyo unakwambia geuza ukaiokoe. Ukikata kona kali wakati kasi imeisha, bawa linaacha kubeba na ndege inajizungusha mpaka chini. Ndo maana marubani wanafundishwa kushusha pua na kutua mbele, hata kama ni shambani. Ndege inaweza kuvunjika, ila wewe una nafasi kubwa ya kupona.

Wilbur alipata siku ya pili ya kujaribu. Wengi waliogeuza hawakuipata.

Wewe je, ungekubali kuivunja ndege uliyoijenga kwa mikono yako? Dondosha maoni yako hapo chini.