Halijoto na maji ya rejeta

Dereva wa trela aliyekwama kwenye foleni ya Malaba, ile ambayo siku mbaya hurudi nyuma hadi Amagoro na kupita, ukimuuliza mshale wa dashibodi unapima nini atakwambia: joto la injini. Mwalimu wa fizikia atamsahihisha: halijoto. Kwa kawaida masahihisho ya namna hii hunichosha, ila hili lina kazi.

Joto ni nishati. Huzalishwa, huhama, hupungua. Halijoto ni hali ya kitu, kipimo cha jinsi kilivyopata moto, nayo ndiyo huamua joto lielekee wapi. Kikombe cha chai na rejeta iliyojaa vyaweza kuwa na nyuzi 85 vyote viwili, lakini joto la kikombe litakuchoma ulimi tu. Tena mshale husoma halijoto ya pale kihisio kilipo, basi. Mpira wa rejeta ukipasuka maji yakaisha, kihisio hubaki hewani, na mshale unaweza kushuka huku injini inaungua.

Kwenye foleni, injini inayonguruma bila kwenda huzalisha joto kidogo kuliko ilivyozalisha ikipanda Timboroa na kontena mgongoni. Lakini upepo wa mwendo haupo. Kazi yote imeachiwa feni. Ndiyo maana feni mbovu huweza kujificha njia nzima, kisha lori likachemsha hatua chache kutoka forodhani.

Wauza vipuri wa Busia husema kulanti, na sina ugomvi nao, ingawa “kipozaji” hutaja kazi yenyewe. Wengi hudhani kulanti hubeba joto kuliko maji. Sivyo: kilo moja ya maji huhitaji kilojuli 4.2 ili ipande nyuzi moja, ilhali mchanganyiko wa nusu maji nusu glaikoli huhitaji kama 3.4. Faida yake ni kuzuia kutu na kuchelewa kuchemka. Zile nyuzi chini ya sifuri zinazoandikwa kwenye galoni tuwaachie watu wa theluji.

Na kuchemka kwenyewe hakuna namba moja. Nyuzi 100 ni za Mombasa, usawa wa bahari. Busia, takriban mita 1,200 juu, maji ya sufuria huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Mfuniko wa rejeta hubana mvuke. Ukiongeza shinikizo la angahewa moja, maji yale yale hayachemki mpaka karibu nyuzi 118, na kulanti hupita hapo. Sasa chukua injini yenye nyuzi 110, imetulia, haitoi hata povu. Utingo akifungua mfuniko, halijoto haijabadilika hata kidogo, ila shinikizo limerudi kuwa la Busia na kikomo cha kuchemka kimeshuka ghafla. Maji huchemka yote kwa mpigo na kumrukia usoni.