Kutoka Ushuhuda hadi Picha: Historia ya Utambuzi wa Mshtuko wa Kifafa katika Tiba ya Dharura na Nafasi ya Mkoa wa Simiyu

1.0 Utangulizi

Mgonjwa anapofikishwa hospitalini akiwa hajitambui, hasemi, au upande mmoja wa mwili wake umelegea, tabibu wa zamu hukabiliwa na swali zito: je, hiki ni kiharusi au ni kifafa? Maradhi haya mawili huweza kufanana kwa sura, lakini tiba zake hazifanani. Kiharusi kinachotokana na kuziba kwa mshipa huhitaji mshipa huo uzibuliwe mapema. Mshtuko wa kifafa huhitaji kuzimwa kwa dawa. Anayekosea katika kutofautisha hupoteza ubongo wa mgonjwa, na wakati mwingine uhai wake.

Makala haya yanafuatilia namna swali hilo lilivyojibiwa katika vipindi mbalimbali, kuanzia maelezo ya ndugu walioshuhudia hadi picha zinazoonesha mtiririko wa damu ubongoni. Hoja inayotetewa ni kwamba picha hizo hazikuja kuchukua nafasi ya ushuhuda. Thamani yake imefungwa na muda, na muda huo hujulikana kwa kinywa cha aliyeona. Hoja hii inapimwa kwa kuutazama Mkoa wa Simiyu na makao yake makuu, Bariadi.

2.0 Utambuzi Usio na Mashine

Maarifa ya kitabibu kuhusu kifafa nchini Tanzania hayakuanzia kwenye mashine. Mwaka 1960, daktari mzaliwa wa Norway, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya wagonjwa wa kifafa huko Mahenge, katika eneo ambalo leo ni sehemu ya Mkoa wa Morogoro. Vifaa vyake vilikuwa daftari, dawa ya fenobabitoni na masikio ya kusikiliza. Kwa kuwahoji wagonjwa na jamaa zao, alikusanya maelezo yaliyochapishwa mwaka 1965 kuhusu kifafa miongoni mwa Wapogoro. Humo zilimo habari za hofu kwamba mate ya mgonjwa huambukiza, hofu iliyowafanya watu wasimguse aliyeanguka hata alipoangukia motoni. Makovu ya moto yakawa sehemu ya historia ya ugonjwa huu.

Utafiti uliofanyika baadaye katika Wilaya ya Ulanga na kuchapishwa mwaka 1992 ulionesha kwamba watu 10.2 katika kila 1,000 walikuwa na kifafa. Takwimu hiyo pia ilitokana na mahojiano ya nyumba kwa nyumba yaliyofuatiwa na uchunguzi wa daktari. Hivyo basi, kwa miongo kadhaa shahidi ndiye aliyekuwa kipimo kikuu: nani alimwona mgonjwa akianguka, macho yalielekea upande gani, mkono upi ulianza kutikisika, na hali hiyo ilidumu kwa muda gani. Hata leo maswali hayo ndiyo msingi wa utambuzi wa kifafa duniani kote.

Udhaifu wa njia hii hujitokeza pale ambapo hapana mtikisiko wa kuonekana. Mgonjwa anaweza kuwa katika mshtuko usiokoma huku amekaa kimya, macho yamekodoka, majibu yake hayaeleweki. Shahidi huona mtu aliyechanganyikiwa na huweza kusema amerukwa na akili au amerogwa. Katika hali hiyo, jicho la kawaida halitoshi.

3.0 Damu kama Shahidi wa Pili

Jitihada za kupata shahidi mwingine zilifuata njia mbili. Njia ya kwanza ni umeme. Hans Berger, daktari wa Jena nchini Ujerumani, alirekodi umeme wa ubongo wa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1924 na kuchapisha matokeo yake mwaka 1929. Hadi leo kipimo hicho ndicho rejea kuu ya kuthibitisha kwamba mshtuko unaendelea.

Njia ya pili ni damu. Katika miaka ya 1930, mpasuaji Wilder Penfield wa Montreal, Kanada, alitazama ubongo uliokuwa wazi wakati wa upasuaji na kuona kwamba mshtuko huandamana na ongezeko la damu mahali unapotokea. Maelezo yake ni ya kimantiki: seli zinazofanya kazi kupita kiasi hudai oksijeni na sukari zaidi, na mishipa hutanuka ili kuzipatia. Hata hivyo, kisichoonekana ila kwa kufungua fuvu hakiwezi kuwa kipimo cha chumba cha dharura.

Kikwazo hicho kilianza kuondoka tarehe 1 Oktoba 1971, mgonjwa wa kwanza alipopigwa picha ya kichwa kwa CT-Scan katika Hospitali ya Atkinson Morley, London. Godfrey Hounsfield, aliyeibuni mashine hiyo, na Allan Cormack, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyeweka msingi wa hesabu zake, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1979. Mwaka 1980, Leon Axel alipendekeza namna ya kukokotoa mtiririko wa damu kwa kutumia mashine hiyohiyo. Dawa yenye iodini husukumwa mshipani kwa kasi maalumu, na ubongo hupigwa picha mfululizo kwa takribani dakika moja. Kompyuta kisha huchora ramani inayoonesha damu inapita kwa kiasi gani na kwa muda gani katika kila eneo.

Ni muhimu kutambua kwamba kipimo hiki kilienea kwa ajili ya kiharusi. Mwaka 1995 ilithibitishwa kwamba dawa ya kuyeyusha bonge la damu husaidia ikitolewa ndani ya saa tatu. Mwaka 2018 yalichapishwa majaribio yaliyotumia ramani hizo kuteua wagonjwa wa kuondolewa bonge hata baada ya saa sita na hadi saa 24. Wagonjwa waliopigwa picha wakidhaniwa kuwa na kiharusi wakaonesha mambo yasiyotarajiwa. Baadhi walikuwa na damu iliyozidi, wala si iliyopungua, na eneo lenyewe halikufuata mipaka ya mshipa mmoja. Hao walikuwa katika mshtuko. Mwaka 2009, watafiti wa Bern, Uswisi, walionesha kwamba ongezeko hilo hupatikana kwa wengi wa wagonjwa wenye mshtuko usiokoma na usio na mtikisiko, ingawa si kwa wote.

Mshtuko ukishakoma, hali huweza kugeuka: damu hupungua katika eneo lilelile na mgonjwa huweza kupooza kwa muda, hali iliyoelezwa na Robert Bentley Todd mapema mwaka 1849. Hapo picha huweza kukaribia ile ya kiharusi. Kwa hiyo, ramani ileile huhitaji kusomwa kwa saa: dakika ya kumi si sawa na saa ya tano.

4.0 Simiyu na Swali la Muda

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa rasmi mwaka 2012, ukiwa na wilaya za Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Sehemu kubwa ya eneo lake ilitoka Shinyanga, na Busega ikatoka Mwanza. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 1,584,157. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu 2,140,497. Kabla ya mkoa kuundwa, rufaa ya Bariadi ilielekea Shinyanga, na juu yake Bugando jijini Mwanza.

Tiba ya dharura kama taaluma nayo ni changa nchini. Idara ya kisasa ya dharura ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2010, na mwaka huohuo mafunzo ya ubingwa wa fani hiyo yalianza. Baada ya hapo, sehemu ya shilingi trilioni 1.3 za mkopo uliotangazwa mwaka 2021 kukabiliana na UVIKO-19 ilielekezwa katika majengo ya dharura na mashine za CT-Scan kwa hospitali za rufaa za mikoa, ngazi ambayo hospitali ya Bariadi imo.

Hata hivyo, mashine si kipimo. Ramani ya damu huhitaji pampu ya kusukuma dawa, programu ya kukokotoa, mtaalamu wa kuisoma, na uhakika kwamba figo za mgonjwa zitaistahimili dawa yenyewe. Aidha, katika ukanda wenye malaria, mgonjwa wa mshtuko hupaswa kwanza kupimwa sukari na malaria, vipimo ambavyo hata zahanati huweza kuvifanya.

Kikwazo kikubwa zaidi ni safari. Tangu mwaka 2015, wataalamu wa kifafa duniani wanakubaliana kwamba mtikisiko wa mwili mzima unaozidi dakika tano lazima utibiwe kama dharura, na kwamba baada ya dakika 30 ubongo huweza kuumia kwa kudumu. Mgonjwa anayetoka kijijini Meatu hawezi kuisubiri Bariadi. Diazepamu hupaswa kutolewa kituo cha afya cha karibu, na ikishafanya kazi, ongezeko la damu huweza kutoweka kabla picha haijapigwa.

Hapa ndipo penye hatari. Picha isiyo na dosari inaweza kusomwa kuwa uthibitisho kwamba mgonjwa hana ugonjwa. Akirudishwa nyumbani kwa maneno hayo, hurudi bila dawa, na waliodhani amerogwa hupata hoja mpya, safari hii wakiitaja hospitali.

5.0 Hitimisho

Historia iliyojadiliwa inaonesha kwamba umeme na damu viliongezwa juu ya ushuhuda, havikuufuta. Kwa Simiyu, maandalizi ya kipimo hiki yaanzie kwenye barua ya rufaa: saa mshtuko ulipoanza, saa ulipokoma, kilichoonekana, aliyekiona, na dawa iliyotolewa. Barua yenye mambo hayo humsaidia mgonjwa hata mahali pasipo na ramani ya damu. Ramani bila barua hiyo huweza kumpoteza hata mtaalamu.