Kumfunza Anayeuguza: Afasia Baada ya Kiharusi

Mgonjwa wa kiharusi anaporuhusiwa kurudi nyumbani, anayemuuguza aghalabu huelekezwa namna ya kumgeuza asipate vidonda, kumlisha asipaliwe na kumpa dawa za presha kwa wakati. Namna ya kuzungumza naye huelekezwa kwa nadra. Makala haya yanashikilia kwamba pengo hilo ni la kitabibu: mazungumzo ni sehemu ya tiba, na mtu wa nyumbani ndiye mwenye nafasi kubwa zaidi ya kuitoa.

Takriban theluthi moja ya wanaopata kiharusi hupata afasia, yaani kuharibika kwa uwezo wa lugha kutokana na jeraha la ubongo, mara nyingi upande wa kushoto. Mwaka 1861, Paul Broca alieleza habari za mgonjwa wa Paris aliyebakiwa na silabi moja tu, “tan”, ilhali alielewa mengi aliyoambiwa. Maneno yalimtoka, akili haikumtoka.

Nyumbani jambo hili halionekani kwa wepesi. Baba ameshindwa kutamka “maji” tangu asubuhi, lakini akiamkiwa “shikamoo” anaitika “marahaba” bila kukwama. Alhamdu au Baba Yetu anaifikisha mwisho. Jirani ananong’ona: anajitia huyu. Hajitii. Maneno yaliyokaririwa miaka mingi huweza kutoka yenyewe, lakini sentensi mpya sharti iundwe, na uundaji huo ndio ulioumia. Binti asiyeelezwa haya atamfokea baba yake, kisha ajute usiku kucha.

Kiswahili nacho kina mtego wake. Ukimuuliza mtu “Hutaki chai?” naye akajibu “ndiyo”, amekubali kwamba hataki. Mwongozo uliotafsiriwa kutoka Kiingereza hauwezi kutuonya juu ya hili, kwa kuwa huko swali kama hilo hujibiwa kinyume. Wagonjwa wengi wa afasia tayari huchanganya ndiyo na hapana. Swali la kukanusha linawazidishia mzigo. Heri kuuliza “Unataka chai?” kikombe kikionekana, kungoja bila kumdakia neno, kisha kuhakikisha jibu kwa ishara ya kichwa au kidole gumba.

Je, ufundi huu unafundishika? Aura Kagan na wenzake wa Toronto walichapisha mwaka 2001 utafiti wa watu 40 waliojitolea kuzungumza na wagonjwa wa afasia, nusu yao wakipewa mafunzo. Waliofunzwa waliboreka, na wagonjwa waliozungumza nao wakashiriki vyema zaidi, ingawa wagonjwa hao hawakufundishwa lolote.

Wapo watakaosema dawa ni kuongeza wataalamu wa tiba ya usemi. Waongezwe, naam. Lakini utafiti uliofanyika Hai na Dar es Salaam, Tanzania, kati ya 2003 na 2006 ulikadiria, baada ya kusawazisha umri, viharusi vipya 109 na 316, mtawalia, kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Wagonjwa wengi hivyo hawawezi kungoja wataalamu waongezeke. Na hata mtaalamu akipatikana, atakaa na mgonjwa saa moja, binti atakaa naye usiku na mchana. Wala mafunzo yasiwe kisingizio cha kumtwika peke yake. Ndugu wote wafunzwe, wapokezane.

Kabla ya kutia saini ruhusa ya mgonjwa wa afasia, daktari amwite anayemuuguza, wakae watatu, amwonyeshe namna ya kuuliza swali moja na kungoja jibu.